Ukienda kumlea mzazi, shika sufuria kwanza

Mwaka huu nimeitwa nyumba tatu kulea wanawake waliotoka kujifungua. Mbili hapa hapa Ngamiani, Tanga, ya tatu Sahare, na hiyo ya Sahare ilikuwa ya mapacha. Mimi si mkunga wala si muuguzi. Ni mama mtu mzima, biashara yangu vitumbua vya asubuhi, na watu wa ukoo wananiita kwa sababu hawana mwengine mwenye siku za kutoa. Aliyesoma ni binti yangu, yeye yuko wodi ya wazazi, na nusu ya haya ninayoandika nimeyapata kwa kubishana naye jikoni. Nimeshindwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kosa ni lile lile kila nyumba. Mtu anaingia, hata viatu hajavua, keshanyoosha mikono: "Nipeni mjukuu wangu!" Mtoto anapokewa, anapitishwa mikono kumi, na mama yake kule chumbani tangu asubuhi hajanywa hata chai. Mtoto mchanga anataka ziwa, joto na usingizi, na vyote vitatu viko kwa mama yake. Basi wewe shika sufuria, beseni la nguo, ufagio. Mtoto utapewa tu. Utapewa saa tisa za usiku, wakati hakuna anayemgombania.

Mkobani kwangu huwa na kanga kuukuu nne zilizofuliwa mpaka zikalainika (kanga mpya hainyonyi maji, hiyo waachie wanaokwenda harusini), chupa ya chai ya lita mbili, pilipili manga, hiliki, kipimajoto cha kwapani, kikombe kidogo cha kumnyweshea mtoto ikibidi, na daftari. Humo naandika saa mtoto aliponyonya, mara alizokojoa, pedi alizobadilisha mama. Muuguzi akiuliza, nafungua ukurasa.

Sufuria

Mzazi haulizwi atakula nini. Ukimuuliza atakujibu, "Chochote, shangazi," na chochote hakipikiki. Mpelekee. Maji au uji uwe mahali mkono wake unafika, maana kiu ya kunyonyesha humshika mtu pale pale mtoto anapoanza kuvuta, na mtoto akishalala kifuani hawezi kuinuka.

Naanza na uji wa pilipili manga. Robo kilo ya mchele nauloweka alfajiri, jua likitoka naumwaga maji, nautwanga au nausaga kwenye blenda ubaki chengachenga laini. Nazi moja kubwa naikuna, tui la kwanza naliweka pembeni, nakamua la pili na la tatu mpaka nipate lita moja na nusu. Tui jepesi linapanda jikoni na mchele, moto mdogo, mwiko hauachi kuzunguka. Ukiiva natia kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga niliyoiponda muda huo huo, hiliki tatu, chumvi chembe, sukari kidogo, mwisho tui zito. Ukitokota mara moja naepua, tui lisije likakatika. Unaingia kwenye chupa, unamngoja mwenyewe.

Mama yangu alisema pilipili manga inasafisha tumbo. Binti yangu anasema tumbo la uzazi linajisafisha lenyewe, na anayelisaidia ni mtoto anaponyonya. Sawa, hapo nilishindwa. Lakini uji wenyewe ni maji na nguvu, na harufu yake ikipita mlangoni mzazi anajua kuna mtu nyumbani. Sijaona sababu ya kuuacha.

Nilichokiacha ni kumnyima. Asile mayai, asile samaki, asinywe maji ya baridi: yote hayo nimeyatupa. Anakula changu wa mchuzi, dagaa, kisamvu, kunde, mayai, na machungwa ya Muheza yakiwa msimu. Vidonge vya damu alivyopewa hospitali anaendelea navyo mpaka amalize, na kazi ya kumkumbusha ni yako.

Papai usikose. Mzazi mwenye nyuzi anaogopa haja kubwa kuliko alivyoogopa uchungu, anaizuia, inakuwa ngumu, hofu inazidi. Papai, mboga na maji mengi. Akienda chooni ashikilie pedi safi kwenye nyuzi kwa mkono, ainame mbele kidogo. Mkojo ukimchoma, ajimwagie kikombe cha maji ya uvuguvugu huku anakojoa. Haya hakuna anayemwambia, kila mtu anaona aibu. Mimi aibu hiyo niliimaliza zamani.

Damu

Damu ya nifasi, ile inayotoka baada ya kujifungua, ina njia yake. Siku tatu nne za mwanzo ni nyekundu, kisha inafifia, inakuwa ya waridi au ya kahawia, na kadiri wiki zinavyokwenda inageuka majimaji ya manjano au meupe. Inaweza kuendelea kidogo kidogo mpaka wiki ya nne, hata ya sita. Anaponyonyesha, tumbo linamkata na damu inaongezeka kidogo. Hilo ndilo chango la uzazi: mtoto anapovuta ziwa, tumbo la uzazi linajikaza. Uzazi wa pili na wa tatu linauma zaidi ya wa kwanza. Nimewaona waliomwondoa mtoto kifuani wakidhani ziwa linawadhuru. Mpe panadoli kama alivyoelekezwa, aendelee kunyonyesha.

Isiyo ya kawaida ni hii: pedi imelowa chapachapa ndani ya saa moja, au limetoka donge kubwa kama yai, au damu ina harufu mbaya, au ilikuwa imefifia sasa imerudi nyekundu na nyingi. Hapo huchemshi kitu. Unatafuta usafiri.

Ziwa

Hapa ndipo wazee wenzangu tunapoharibu. Maziwa ya kwanza, dang'a, ya manjano mazito, zamani yalikuwa yanakamuliwa na kumwagwa eti ni machafu. Ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Aanze kunyonya ndani ya saa ile ile aliyozaliwa kama hali inaruhusu, na baada ya hapo anyonye kila anapotaka, mara nane mpaka kumi na mbili kwa usiku na mchana. Maji asipewe, hata kaskazi ikiunguza mabati. Maziwa ya mama yenyewe zaidi ya asilimia 80 ni maji. Miezi sita, ziwa tupu. Asali nayo hapana mpaka atimize mwaka. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo utumbo wa mtoto mdogo hauviwezi.

Mzazi akilalamika chuchu zinachanika, mara nyingi mtoto hajashika vizuri. Mtazame. Mdomo uwe umepanuka kama anayepiga miayo, weusi wa ziwa uwe umeingia mdomoni na si chuchu peke yake, kidevu kimegusa ziwa, na tumbo la mtoto limeelekea tumbo la mama. Akikosea, mama aingize kidole kisafi pembeni mwa mdomo amtoe taratibu, aanze tena. Asimchomoe kwa nguvu. Akimaliza, tone la maziwa yake mwenyewe alipake kwenye chuchu, lijikaukie.

Kati ya siku ya tatu na ya tano maziwa yanajaa, ziwa linakuwa gumu kama embe bichi. Kabla ya kunyonyesha weka kitambaa cha uvuguvugu, akamue kidogo kwa mkono ili liwe laini mtoto aweze kulishika, baada ya hapo weka kitambaa cha maji baridi. Likiwa na sehemu nyekundu, linauma, na yeye ana homa, aende kituo cha afya akatazamwe, na njiani aendelee kunyonyesha. Kuacha kunyonyesha ndiko kunakotengeneza jipu.

Utajuaje mtoto anashiba? Tazama nepi. Kuanzia siku ya tano akojoe mara sita au zaidi kwa siku. Kinyesi cheusi kama lami cha siku za mwanzo kiwe kimegeuka manjano. Siku za kwanza atapungua uzito kidogo, usishtuke. Wiki mbili zikifika awe amerudi alipoanzia.

Neno moja kwa msaidizi: ukikuta dawa kwenye mkoba wa mzazi, usiulize ni za nini. Mama anayetumia ARV ananyonyesha vizuri tu, akimeza dawa zake kila siku na mtoto akipewa zake kama kliniki ilivyopanga. Kazi yako ni kuhakikisha kuna maji ya kumezea.

Mtoto mwenyewe

Asiogeshwe kabla ya saa 24. Kitovu hakipakwi kitu: si majivu, si chumvi, si mafuta, si dawa ya meno, labda kile tu alichopewa hospitali. Kiwe kikavu, nepi ikunjwe chini yake. Kitadondoka chenyewe, wengi ndani ya wiki mbili. Kikinuka, kikitoa usaha, au ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu, peleka.

Mafuta ya nazi kwenye ngozi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kuvuta viungo, kufinya pua iwe ndefu, kukanda kichwa kiwe duara. Kichwa kitajitengeneza. Wanja pia acha, mwingi una madini ya risasi. Na kuna hili linalowatia watu kiwewe: mtoto kuvimba vifua, wa kike na wa kiume, hata kutoka maziwa kidogo. Ni homoni za mama zilizobaki mwilini mwake. Usimkamue! Wa kike anaweza pia kutoka tone la damu ukeni wiki ya kwanza. Nayo ni hiyo hiyo.

Umanjano mtazame mchana, mlangoni penye mwanga. Ukiuona ndani ya saa 24 za kwanza, au ukifika kwenye viganja na nyayo, ni hospitali, na si kumwotesha jua kibarazani.

Alale chali, ndani ya chandarua chenye dawa, pasipo mito ya mapambo.

Mapacha wa Sahare walizaliwa chini ya kilo mbili na nusu. Waliporuhusiwa tuliendelea na kangaruu, mtoto ngozi kwa ngozi kifuani, amefungwa kwa kanga, kichwa kina kofia. Mama ana kifua kimoja, watoto wawili. Nikamwambia baba vua shati. Alitazama mlangoni kama mama mkwe yupo. Alikuwepo. Alivua hivyo hivyo, na yule pacha mdogo akalala kifuani kwake saa nzima.

Niliyoyaacha ya mama yangu

Uzazi wangu wa kwanza, 1984, nilikandwa tumbo kwa maji yaliyotoka kuchemka muda ule. Ngozi ilibabuka, kovu lipo hadi leo. Nilifungwa na mkaja wa kanga ukakazwa na wanawake wawili, mmoja kila upande, nikawa napumua kwa juu juu. Nao walinipenda, wallahi, hawakulala usiku ule kwa ajili yangu. Lakini damu haitolewi kwa maji ya moto. Tumbo la uzazi linashuka lenyewe, na wiki mbili zikipita huwezi tena kuligusa kwa juu.

Sasa nakanda mgongo, mabega na nyayo, kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Mzazi ananyonyesha ameinama kutwa, mabega yake ni mawe. Mkaja anayeutaka ajifunge mwenyewe, ulegee kiasi cha kuingiza mkono. Aliyefanyiwa operesheni hata huo asubiri mpaka aulize kliniki. Kidonda chake kiwe kikavu, asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto kwa wiki sita, kwa hiyo ndoo ya maji ni yako. Akikohoa akumbatie mto tumboni. Lakini atembee, kidogo kidogo, asilale kama gogo kwa jina la kulelewa.

Jiko la mkaa chumbani kwa mzazi, dirisha limefungwa asipigwe na upepo: hapana kabisa. Hewa ya mkaa inaua watu wamelala. Fungua dirisha. Udi fukizeni sebuleni.

Machozi na wageni

Siku ya tatu au ya nne mzazi analia na hajui analilia nini. Mwache alie, kaa naye, mchukue mtoto akishanyonya ili alale saa mbili mfululizo. Wengi inapita ndani ya wiki mbili. Isipopita, au ukamwona halali hata mtoto akilala, hataki kula, hataki kumtazama mtoto, anasema bora asingekuwepo, anasikia sauti, hiyo ni maradhi na inatibika. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usianze kutafuta nani kamroga.

Wageni ndio kazi ngumu kuliko nepi. Tanga yetu inasifiwa waja leo waondoka leo, halafu mtu haondoki. Kwenye nyumba ya mzazi nawaomba waondoke leo kweli. Mwenye mafua asiingie. Anayetaka kumbeba mtoto anawe mikono kwa sabuni. Akija mtu na maneno ya "mbona maziwa yako madogo," mimi humpa nazi akune. Mbuzi iko pale.

Baba naye ana kazi. Aliyeajiriwa sheria inampa siku tatu za likizo yenye malipo, azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mama ana siku 84, na akizaa zaidi ya mmoja ni 100. Siku tatu za baba zisiishie kwenye kupokea pongezi. Afue, aende sokoni Mgandini, alitunze tangazo la kizazi, litatakiwa kwenye cheti cha kuzaliwa.

Wakati wa kukimbia

Mbali na damu niliyoieleza: mama akiwa na homa, kichwa kinamuuma sana au macho yanaona ukungu (kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua), mguu mmoja umevimba na unauma, anapumua kwa shida. Mtoto akiwa hanyonyi, amelegea, anapumua haraka mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea, joto 37.5 au zaidi, au mwili wa baridi usiopata joto, au degedege. Namba ya bure ya M-mama ni 115, kwa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Pamoja na hiyo, mimi huandika ukutani namba ya dereva wa bajaji anayelala jirani, nikamwambia mapema kuwa nyumba hii ina mzazi.

Kliniki zisirukwe kwa sababu mama anaonekana mzima: siku ya 7, ya 28 na ya 42. Mtoto anapata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hiyo ya siku ya 42 inaangukia siku mbili baada ya arobaini, kwa hiyo husahaulika watu wakiwa bado wanaosha masufuria ya pilau. Ndiyo siku ya kuuliza habari za uzazi wa mpango pia. Msingoje mimba nyingine iwakumbushe.

Sahare niliondoka siku ya 43. Nilipopita uani na mkoba wangu, baba wa mapacha alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi ya uji. Anakuna vibaya, vipande vikubwa vikubwa, na kidole amekifunga kitambaa. Nilimwonyesha namna ya kuzungusha kifuu, nikachukua kanga zangu kambani.